Faili Lililolala kwa Jina la Zamani

Wapendwa, neema na amani ziwe nanyi asubuhi hii. Wazee wangu, shikamooni. Mchungaji amenipa dakika kumi, nami nitajitahidi, ingawa mtu aliyesomea historia ukimpa kipaza sauti umejitakia.

Wengi mnanijua. Mimi ni binti wa yule mama anayepita na maziwa kila asubuhi hapa Machame. Lakini kuna jambo hamlijui. Mnakumbuka mama aliposimama hapa mbele kushukuru kwamba mwanawe amepata kazi serikalini? Mlipiga vigelegele. Ndugu zangu, nawaambia kweli: sikuwa na kazi serikalini. Nilimdanganya mama, naye bila kujua akawadanganya ninyi.

Nilimaliza chuo kikuu nikiwa nimeandika tasnifu kuhusu mipaka ya tawala za zamani za mlima wetu, enzi za mamangi, watawala wetu wa jadi. Nikarudi nyumbani, nikaomba kazi miaka mitatu. Kwenye usaili mmoja, bwana mmoja alitazama cheti changu akauliza, "Historia? Sasa hapa utatusimulia hadithi?" Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo, kwamba nilicheka nao.

Mwishowe nikapata kibarua kwenye steshenari moja Moshi mjini. Nilikuwa natoa kopi, nachapa barua, naskani vyeti vya watu wanaoomba kazi zile zile nilizonyimwa. Ni kazi halali. Aibu niliiweka mwenyewe. Mama alipouliza, "Ofisi gani hiyo, mwanangu?" nikajibu, "Ya serikali, mama." Neno likatoka. Baada ya ile shukrani yake sikuweza tena kukanyaga humu ndani. Nikawa nasema Jumapili nina kazi.

Sasa, masika fulani, aliingia pale dukani bibi mmoja kutoka Kilema, amelowa, amekumbatia mfuko wa nailoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nitolee hii kopi kabla haijanifia mkononi."

Ilikuwa hukumu ya zamani ya baraza, iliyompa mume wake kihamba, lile shamba la ukoo wanamoishi. Mume ameshafariki. Shemeji zake walitaka atoke, na karatasi ile haikusomeka nusu yake. Baraza la ardhi lilimtaka alete kumbukumbu halisi ndani ya wiki mbili. Masijala ya serikali pale mjini walishamwambia mara mbili kwamba faili halipo.

Niliishika karatasi ile kwenye mwanga. Juu kabisa palikuwa na jina la mahali, limefifia. Halikuwa jina la kijiji chake wala la kata. Lilikuwa jina la utawala wa mangi mmoja wa zamani, jina nililoliandikia sura nzima chuoni!

"Bibi, walitafuta kwa jina gani?"

"La kata yetu. Kuna jingine?"

Nikaomba ruhusa kwa tajiri wangu, nikaenda na bibi masijala. Karani akachoka kabla hatujaketi. "Dada, huyu mama tumeshamwambia. Faili halipo."

"Naomba tutafute kwa jina hili."

"Hilo ni la wapi?"

"Ni la kwao, kabla ya hizo kata kuwapo."

Alitufungulia stoo, akasimama mlangoni akitutazama. Mchwa walikuwa wameshatangulia. Siku ya tatu, chini kabisa ya mafungu yaliyofungwa kwa kamba ya katani, tukalipata. Pembe zimeliwa, lakini hukumu ni nzima, na alama ya dole gumba la mumewe chini yake. Bibi akaweka kidole chake juu ya alama ile, akataja jina la mumewe, mara moja tu. Leo hii anaishi katika kihamba chake.

Mkuu wa ofisi akaja kuangalia. Akaniuliza, "Wewe unafanya kazi wapi?"

Ndugu zangu, nilishafungua mdomo nidanganye. Kwa mazoea tu! Bibi alikuwa ananitazama. Nikasema, "Steshenari, karibu na stendi."

"Na umesomea nini?"

"Historia."

Hakucheka. Alisema, "Ajira sina. Lakini stoo hii inamhitaji mtu kama wewe. Unaweza kuja kujitolea?"

Jioni ile nikamweleza mama yote. Aliweka ndoo chini. "Yaani umenifanya nidanganye mbele ya madhabahu?" Hakunisemesha wiki nzima. Kisha siku moja akatokea pale stoo na chupa ya mtori, supu yetu ya ndizi. Akanikuta nimejifunga kitambaa puani, napangusa vumbi la mchwa.

"Hii ndiyo kazi uliyosomea?"

"Ndiyo, mama."

Akafungua chupa. "Basi nawa mikono, ule."

Nilijitolea zaidi ya mwaka, nusu siku dukani, nusu siku stoo. Nikaenda kusomea utunzaji wa nyaraka, nikashindania nafasi ilipotangazwa, nikaipata. Niruhusuni nijisifu kidogo: leo ninaongoza wenzangu wanne, tunaingiza kumbukumbu za zamani kwenye kompyuta, kila faili kwa jina lake la sasa na la zamani. Mwezi uliopita niliitwa mji wa Mkuu, kule Rombo, kuwafundisha wenzetu wa huko. Aliyeniletea barua ya mwaliko ni yule yule karani. Akasema, "Dada, safari hii sisimami mlangoni. Usiniache."

Nawashukuru: tajiri wangu wa steshenari aliyenipa nusu siku bila kununa, mkuu wa ofisi ambaye hakucheka, bibi yangu wa Kilema. Na mama, ameketi pale nyuma. Mama, nisamehe, na hawa wote wanisikie nikiomba.

Vijana mliosoma na mkakosa, kazi ya mikono yenu isemeni kwa jina lake. Mimi mlango wangu ulifunguka siku niliyotamka neno "steshenari". Na ninyi wazee, zile karatasi mlizozilalia chini ya magodoro, zileteni masijala Jumatatu. Hata kama zimelowa. Hata kama hazisomeki. Mniulizie mapokezi, mseme mnamtaka yule wa historia.