Ardis na Mrija Ulioziba

Mchungaji, majirani, nanyi mliotoka mbali kwenye baridi hii, mimi ni Gaylen Torske, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu Ardis Brekhus, aliyezaliwa tarehe 11 Oktoba 1951 shambani kwetu kaskazini ya Chinook, Montana, mtoto wa kwanza kati ya wawili.

Alisoma Chinook hadi mwaka 1969, akasomea ukarani Havre, na tarehe 15 Juni 1974 akaolewa na Lyle, wakajaliwa binti mmoja, Renae, aliyezaliwa mwaka 1979. Mwaka 1989 aliajiriwa Havre na duka la dawa linalopeleka dripu kwa wagonjwa majumbani, kazi yake ikiwa kuandika madai ya bima, na humo madai magumu kuliko yote yalikuwa ya vifurushi vya dawa ya kuzibulia mirija ya dripu, kwa sababu bima ilitaka kujua siku na saa mrija ulipoziba na nani aliuona.

Alhamisi, tarehe 17 Januari 2008, alimpigia simu Dwight Obergfell, ambaye mkewe Marvel hakuwa na utumbo wa kutosha na aliishi kwa chakula kilichopita kwenye mrija wa kifuani, ili kuuliza tarehe mbili za mwezi ule mrija ulipoziba, naye Dwight akamjibu, "Mama, umeziba tena tangu asubuhi, hapa nausukuma kwa sirinji, mgumu kama jiwe." Dada yangu hakuwa muuguzi, lakini kwa miaka kumi na tisa alikuwa amesoma maelezo ya wauguzi, akajua damu iliyoganda ikisukumwa inaweza kwenda mapafuni, akapiga kelele ofisi nzima ikageuka, "Dwight, acha! Toa mkono wako hapo! Weka chini hiyo sirinji, nisikie ikigonga meza!"

Akaisikia ikigonga.

Theluji ilikuwa imefunga barabara, gari la wagonjwa likashindwa kupita, na meneja wake akasema bima hulipa vifurushi viwili tu kwa mwezi, cha tatu kisubiri kibali Jumatatu. Ardis, ambaye aliogopa hata kuandika hundi ya mboga, aliitia saini fomu ya kutolea kifurushi kwa jina lake mwenyewe, akamkabidhi muuguzi Jolene Azure, aliyepanda greda la theluji la kaunti na kumfikia Marvel saa saba mchana, akaweka dawa, wakakaa watatu wakitazama saa ya ukutani, na saa tisa kasoro damu ikarudi kwenye mrija, ishara kwamba umezibuka.

Adhabu yake ilikuwa barua ya onyo, kisha bima ikaleta wakaguzi kupekua madai yake ya miaka sita, na kwa miezi saba dada yangu hakula vizuri wala hakulala, alifungasha mfuko wa soksi na dawa zake za presha akauweka mlangoni, akamwambia Lyle, "Wakija kunichukua usibishane nao, mzee, utazidisha." Nilimcheka, nikamwita mfungwa, naye hakucheka, na hilo linaniuma leo. Tarehe 9 Septemba ikaja barua kwamba kosa lililopatikana ni tarehe moja iliyokosewa, na kifurushi cha tatu kikalipwa.

Alistaafu mwaka 2016. Mei 2018 aligundulika na saratani ya kongosho, naye akawekewa mrija kifuani, na kila Renae alipousafisha kwa maji ya chumvi Ardis alifumba macho akauliza, "Yamepita? Yamepita kweli?" Alifariki nyumbani Jumamosi, tarehe 2 Machi 2019, saa kumi na moja alfajiri, Lyle akiwa amemshika mguu.

Tunawashukuru madaktari wa Havre, Jolene aliyekuja kukaa naye bila kuitwa, wenzake wa ofisini, majirani walioondoa theluji mlangoni na akina mama waliotuandalia chakula kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, na Dwight na Marvel walioketi safu ya tatu.

Wiki yake ya mwisho nilimwambia nitasema hapa kwamba alikuwa jasiri, akanikatalia, "Usinidanganyie watu, Gaylen, sema niliogopa, kila siku, na usipunguze." Basi dada, nimesema, sikupunguza. Pumzika sasa, kwa amani ambayo hukuipata ukiwa nasi.