Mkaguzi, Paka Aliyelalia Kila Karatasi

Jamani karibuni, na waliokuja kushangaa pia karibuni. Najua wapo waliouliza pale getini kama ni kweli paka anazikwa kwa kijitabu cha kurasa nne chenye picha ya rangi. Ni kweli! Mimi ni mtoto wa kwanza wa nyumba hii na mpanga kurasa wa kiwanda chetu kidogo cha uchapaji. Kwa miaka kumi na mitano nimepanga wasifu wa marehemu wa watu wengine, mpaka aya zake nazijua kama ninavyoijua njia ya chooni gizani. Wote walikuwa wapole, wote walipenda watu. Wa leo hakuwapenda watu. Alipenda karatasi, na mwishoni akampenda Baba yetu, ambaye tangu tulipomzika Mama miezi kumi na minne iliyopita hakuingia tena kiwandani. Mimi nilijua sababu, na nitaisema leo.

Marehemu Mkaguzi alizaliwa mwezi wa Mei mwaka 2007 katika ghala la muuza karatasi, mtaa wa pili kutoka hapa, ndani ya katoni iliyopasuka. Mama alikwenda kununua rimu kumi, akarudi na rimu kumi na kitu chenye mabaka meusi na meupe kikilia ndani ya kitenge chake. Baba alisimama mlangoni na aproni yake.

"Mrudishe alikotoka. Hapa ni mahali pa kazi."

"Panya wamekula rimu mbili wiki hii," Mama akasema. "Wewe umewafanya nini?"

Baba akapisha mlango, maana asiye na jibu huongezewa paka.

Elimu yake ilikuwa fupi. Mwalimu wake alikuwa Mama, na somo lilikuwa moja: usiisogelee mashine ya kukatia karatasi. Mama alipiga makofi mara tatu kila alipoikaribia, na katika wiki moja mwanafunzi akafaulu. Somo la wino alifeli vibaya. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo alipita juu ya vyeti sitini vya kuhitimu vilivyokuwa havijakauka, akaviwekea mhuri wake mmoja mmoja, kwa utaratibu kabisa, kana kwamba ametumwa. Mwalimu mkuu aliyekuja kuvichukua yupo hapa. Alivikataa vyote isipokuwa kimoja, akakitundika nyumbani kwake. Asante, Mwalimu!

Sasa kazi. Hapa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo damu yangu inapochemka. Panya aliwamaliza kwa miezi minne, lakini hiyo ni kazi ya paka yeyote. Kazi yake hasa ilikuwa ukaguzi. Kila tulipotoa nakala ya kwanza ya kazi, Baba aliiweka kwenye meza ya dirishani ili aisome penye mwanga, na kabla hajavaa miwani Mkaguzi alikuwa ameshajilaza juu yake. Baba, mtu yule yule aliyesema arudishwe alikotoka, hakuthubutu kumwondoa. Alisubiri. Na katika kusubiri alisoma tena na tena mistari michache iliyochungulia pembeni ya mkia, na makosa yakatoka kama mchwa baada ya mvua.

Mnaikumbuka kadi ya harusi? Bwana harusi alifika anahema, wageni mia tatu wanasubiri kadi. Akamkuta paka amelala juu ya nakala yake.

"Mzee, mtoe huyo paka, nina haraka."

"Ataamka," Baba akasema.

"Ataamka saa ngapi?"

"Yeye ndiye anajua. Wewe kaa tu. Halafu kijana wangu, harusi yako ni Jumamosi tarehe thelathini na moja Novemba?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi utasubiri sana. Novemba ina siku thelathini."

Tulicheka mpaka mdogo wangu, kitindamimba wetu tunayemwita Wino, akakaa chini sakafuni. Tangu siku hiyo ikawa sheria ya kiwanda: kazi isiyolaliwa haichapwi. Wateja wakawa hawaulizi tena kama kazi yao imekamilika. Wanauliza, "Imeshalaliwa?"

Kuhusu ndoa, marehemu hakuolewa. Mwaka 2009 alijaliwa watoto wanne, wawili wakiwa na rangi ileile ya chungwa ya paka wa fundi viatu, jirani yetu wa mkono wa kushoto. Fundi alikana mbele ya mashahidi. Nimemwona amekaa pale nyuma, na simtaji kwa ubaya, lakini Fundi, baba, rangi haidanganyi! Watoto waligawiwa kwa majirani, na baada ya hapo Mkaguzi akarudi kazini bila likizo ya uzazi.

Nafika sasa pagumu, na sitapita pembeni. Mama aliugua siku nne tu, akafariki Jumatatu tarehe 9 Januari 2023. Mazishi yalipangwa Alhamisi. Sisi tunaochapa vijitabu vya msiba vya mtaa mzima tulijikuta Jumatano mchana hatujachapa cha Mama yetu. Nikakaa nikaandika huku machozi yakidondokea vidole. Wino akawasha mashine. Mkaguzi alikuwa nje ya mlango, analia na kukwaruza ubao, anataka kuingia. Nikafungua nusu, nikamsukuma kwa mguu. Nikamwambia, "Leo hatuna muda." Nikafunga.

Mpaka siku ile, kwa miaka kumi na mitano, ndiyo kazi pekee iliyotoka katika kiwanda hiki bila kulaliwa.

Kesho yake Wino alisimama kaburini akasoma vizuri, kwa sauti nzima, mpaka mwisho: "Marehemu ameacha watoto wawili na wajukuu watano." Akakaa. Nikaangalia karatasi yangu tena. Mume hayumo. Miaka thelathini na minane ya ndoa, na mimi mtoto wao, kwa mikono yangu, sikumwandika Baba! Nilimtazama. Alikuwa mstari wa mbele, amekishika kijitabu. Akakikunja mara mbili, akakitia mfuko wa koti, akatazama mbele.

Nilijiambia nitamwomba radhi jioni. Jioni palikuwa na wageni. Kesho yake alikuwa amechoka. Wiki ikaisha, mwezi ukaisha, aibu ikaota mizizi. Watu walisema Mzee ameacha kazi kwa sababu ya majonzi, nami nikawaitikia, "Majonzi, ndiyo," huku najua kingine. Mungu anisamehe.

Katika miezi hiyo Mkaguzi aliacha kazi pia. Alikihama kiwanda chenye karatasi zote hizo, akahamia kwenye paja la Baba, kiti cha sebuleni. Huko hakukuwa na cha kukagua. Walikaa tu wawili, na Baba, ambaye kwetu alisema maneno matatu kwa siku, tulimsikia kupitia ukuta akimsimulia jinsi Mama alivyokuwa akivaa, alivyogombana na muuza karatasi, alivyompata yeye Mkaguzi. Nilisimama koridoni nikasikiliza zaidi ya mara moja. Sikuwahi kugonga.

Marehemu alianza kuugua mwezi wa Desemba. Daktari wa mifugo alisema ni figo, na kwa umri ule hakuna dawa ya kuponya, ipo ya kumpunguzia tabu. Baba alimnywesha maji kwa bomba la sindano, tone kwa tone, asubuhi, mchana na jioni, kwa wiki kumi na tatu. Mkaguzi alifariki Alhamisi tarehe 14 Machi 2024, saa nne asubuhi, juu ya paja lilelile. Baba alimfunika kwa aproni yake ya zamani na akakataa kumwachia mtu mpaka adhuhuri. Alilia kwa sauti. Mama alipofariki hakulia mbele yetu, na mimi nilifurahi kumsikia, ndiyo, nilifurahi, na sioni haya kulisema.

Jana asubuhi niliandika maneno haya, karibu yote, nikatoa nakala ya kwanza, na kwa mazoea tu nikaiweka kwenye meza ya dirishani. Kisha nikasimama naitazama. Nani atailalia?

Mlango ukafunguka. Baba! Ameoga, amenyoa, miwani mkononi. Akavuta kiti, akakaa, akaweka viwiko vyote viwili juu ya karatasi.

"Baba," nikasema, "kile kijitabu cha Mama..."

"Najua."

"Sikukuandika."

"Najua, mwanangu. Nilikuona siku ile ulivyobadilika uso. Nikajua umeona."

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniambia?"

Nilipiga magoti palepale, kwenye vipande vya karatasi. Nikasema, "Nisamehe, Baba."

"Nilikusamehe kabla hatujatoka makaburini," akasema. "Nilikuwa nasubiri uje. Kila siku nilikuwa nasubiri uje."

Kisha akasoma mara tatu. Aliongeza mambo mawili, hakufuta hata moja. La kwanza ni mazungumzo haya niliyomaliza kusoma sasa hivi: alisema niyaandike kama yalivyokuwa, yasomwe mbele ya watu, kwa kuwa lile kosa pia lilisomwa mbele ya watu. La pili mtalisikia. Baada ya hapo akavaa aproni, akamwambia Wino asogee, akawasha mashine mwenyewe! Hivyo vijitabu mlivyoshika, vyote mia moja na ishirini, ni kazi ya mikono yake. Vinuseni, bado vina harufu ya wino.

Marehemu Mkaguzi ameacha watoto wanne wanaoishi kwa majirani, na baba yao anayekana. Ameacha wajukuu watano wa nyumba hii waliomvuta mkia bila kukwaruzwa hata siku moja. Ameacha Wino na mimi. Na ameacha, kwa maneno aliyoyaandika mwenyewe jana, "Baba wa watoto hawa, mchapaji, mume wa Mama yao kwa miaka thelathini na minane, na hata sasa."

Mkaguzi, kazi yako tumeipokea. Lala sasa kwa amani, mama.