Jiwe la Tuta na Mkono wa Bwana Xun

Mheshimiwa Mjumbe wa Gavana. Mheshimiwa Xun Boyan, ambaye hadi jua lizame bado ni Mkuu wetu wa Wilaya. Mama Lü, mke wake. Makarani, wazee wa soko, na ninyi mliopanda ukutani ingawa mmekatazwa: nawasalimu nyote.

Mimi Geng, msimamizi wa tuta la mto, nimechaguliwa kusema kwa sababu ya sauti yangu, si elimu yangu.

Bwana Xun alipohamia kwetu Qingwan, nani hakuwa amesikia sifa za mwandiko wake? Ilisemwa wazi kwamba karibuni ataitwa kasrini, aandike mbele ya Mfalme, na hiyo ndiyo ndoto ya kila mshika brashi. Akabandika tangazo lake la kwanza langoni. Likaibwa. Akabandika jingine, nalo likaibwa kabla gundi haijakauka, kwa uzuri wake tu.

Ikaja mvua ya vuli. Bwana aliandika kila nyumba itoe mtu mmoja na kikapu cha udongo, tuinue tuta. Nikasimama pale na majembe yangu nikingoja, na hakuja hata mmoja. Maji yakapita. Nyumba ya mjane Qiao ilikwenda nayo, yeye akaokolewa juu ya mti. Tangazo tulilikuta kwa Pang, mchinja nguruwe, limebandikwa juu ya kitanda.

"Pang, ulisoma kilichoandikwa?" Bwana aliuliza.

"Nisome wapi, Mheshimiwa? Mimi mtu wa visu. Nilikiona kinapendeza, nikasema mke wangu akiamka atazame kile badala ya sura yangu."

Pang, usijifiche nyuma ya mkeo, tunakuona!

Tulingoja Bwana aagize fimbo. Hakuagiza. Akahamishia brashi mkono wa kushoto. Tangu siku hiyo, waheshimiwa, matangazo yetu yalionekana kama kuku kapita kwenye wino. Nani angeiba kitu kama kile? Yalikaa ukutani mpaka yakachanika yenyewe. Wanaojua kusoma wakawasomea wasiojua, na tuta likajengwa.

Lakini wakaguzi kutoka mji mkuu nao walifika, wakalitazama lango, wakacheka. "Huyu ndiye yule bingwa?" Mwaliko wa kasri haukuja tena. Iliniuma, nami sioni haya kusema. Siku moja nilikuwa barazani kwao, nikamsikia Mama Lü akimwambia, "Si uwaeleze tu, baba?"

"Nikiwaeleza watamtafuta Pang wamchape. Geng, tuta limesimama?"

"Limesimama, Mheshimiwa."

"Basi mke wangu, nipe chai."

Bwana wetu, leo unastaafu. Kwa desturi tutakuvua buti zako tuzitundike langoni, na utaondoka na mpya alizoshona mjane Qiao. Limebaki jiwe la tuta, linalongoja kuandikwa jina la tuta. Mheshimiwa Mjumbe ameomba, kwa nia njema, uliandike kwa ule mkono uliosifiwa, maana jiwe haliibiki. Tumemshukuru. Halafu tukaulizana, soko zima, na jibu likawa moja. Mkono wa kulia nenda nao nyumbani, ukaufurahie uzeeni. Sisi tulilala usingizi mkavu miaka yote hii kwa ule mwingine. Tunaomba utuandikie kwa kushoto.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Pang, mpelekee Bwana wino.