Nilimwita Mchoyo Mwanamke Aliyenilisha

Wazee wangu, shikamooni. Vijana wenzangu, salama? Namshukuru Mungu aliyetuamsha sote tukiwa na pumzi. Mchungaji amenipa dakika kumi, lakini mnanijua, baba yangu ni mrina asali wa hapa hapa Ipole, na kwetu hakuna anayejua kusimulia kwa haraka. Mnivumilie.

Mlinisindikiza kwa nyimbo nilipokwenda Hispania kusomea usindikaji wa vyakula. Nimerudi na cheti, mkanipigia vigelegele. Ila wiki ya kwanza sijawahi kuwasimulia, kwa sababu naionea aibu.

Chuo kilinipangia kuishi kwa mama mmoja mjane, rika la bibi yangu. Nilipofika nikapiga goti kumwamkia. Akadhani nimeanguka, akaniinua na kunipapasa magoti kama nimeumia. Mezani kulikuwa na dengu, mkate na mayai. Akaniuliza kama nina njaa. Ndugu zangu, nyie ndio mlionilea. Binti wa Kinyamwezi akiulizwa hivyo ugenini, siku ya kwanza, atajibu nini? Nikasema sina, asante. Nilikuwa sijala tangu jana yake. Nikatulia nikisubiri anisihi mara ya pili na ya tatu, kama mama zangu mnavyofanya hapa, ndipo ninawe mikono. Yule mama akaitikia kwa kichwa, akala peke yake, akafunika sufuria.

Jioni ikawa vilevile. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu hakuuliza tena, akaweka tu chakula mezani na kuniangalia. Na mimi, mkaidi, nikaona kujipakulia bila kukaribishwa ni tabia ya fisi. Nikaingia chumbani kula biskuti nilizobeba kutoka Tabora mjini, nazihesabu moja moja, natafuna polepole ili nisisikike. Darasani mwalimu anafundisha kukausha nyama, mimi naandika huku mate yananijaa. Nilikwenda kusomea chakula, nikashinda na njaa. Mnaweza kucheka, hata mimi sasa nacheka.

Siku ya nne nikampigia mama yangu. Nikamwambia nimeangukia kwa mwanamke mchoyo, anakula mbele yangu bila haya. Tena nikatia chumvi, nikasema anafungia jiko kwa ufunguo. Uongo mtupu. Mama akalia kwenye simu, nami nikajisikia vizuri kuonewa huruma.

Siku ya sita nikaitwa ofisini. Nikaambiwa mwenyeji wangu ameomba nihamishwe. Alisema nadharau nyumba yake, kila siku anapika kwa ajili yangu na kila siku anamwaga. Nyumba nyingine haikuwepo. Isipopatikana kufikia mwisho wa wiki, ningerudishwa nyumbani nisubiri mwaka mwingine, na hakuna aliyeniahidi kwamba nafasi yangu ingekuwepo.

Nikampigia mama tena, nikilia. Nilitegemea atamlaani yule mwanamke. Akaniuliza, "Siku ile ya kwanza, alikukaribisha?"

"Aliniuliza kama nina njaa."

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia sina."

Mama akasema, "Sasa mwanangu, huo uchoyo wake uko wapi? Mficha uchi hazai. Nenda kamwambie ukweli."

Nawaambia ndugu zangu, kutoka kituo cha basi mpaka kwenye ile nyumba ni mwendo mfupi, lakini siku ile ulinishinda. Nilimkuta jikoni anamenya viazi. Nikasimama mlangoni, kwa Kihispania changu cha kuokoteza, nikasema, "Mama, nina njaa. Tangu siku niliyofika nina njaa."

Akaweka kisu chini. "Mbona ulikataa?"

"Kwetu mgeni hukataa kwanza. Mwenyeji ndiye humsihi."

Akanitazama sana. "Hapa mtu akisema hapana," akasema, "kumsihi ni kumwona kama mtoto asiyejua anachotaka. Nilikuwa nakuheshimu." Halafu akajifuta macho kwa aproni. Mimi machozi yangu sikuyafuta, niliyaacha yatiririke. Siku sita tulikuwa tunaumizana kwa adabu, kila mmoja na ya kwao. Alinikaangia viazi na mayai, nikala nimesimama kwa sababu kukaa niliona kunachelewesha. Kesho yake akaenda chuoni mwenyewe kufuta ombi lake.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama yangu kwa kuniuliza swali ambalo sikulipenda. Na vijana mtakaosafiri, adabu za nyumbani msiziache, lakini msizitumie kuficha shida na kisha kumlaumu asiyeiona.

Sasa nimalizie kilichonisimamisha. Mama alipolia siku ile, aliwasimulia majirani, na majirani wakawasimulia wengine. Majuzi tu kwenye foleni ya mashine ya kusaga nimesikia mtu akitania, "Usiwe kama yule mchoyo wa Hispania." Jina hilo nilimpa mimi. Yule mama alinilisha miaka miwili, nilipougua alinikandia paji la uso kwa kitambaa, na hajui kama huku Ipole anachekwa. Naomba mnisamehe kwa kuwadanganya. Yeye siwezi kumwomba msamaha kwa hili bila kumuumiza, kwa hiyo nakuja kwenu. Mkimsikia mtu analitaja jina lile, mkatazeni, mwambieni aliyelitunga alisimama mwenyewe kanisani akasema alikuwa mwongo.