Mama Mashine na Siku za Matokeo

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, na mwenyewe ameniruhusu nilitaje hapa: siku za matokeo, mashine ya kuchapia ya karani wetu haikuwa na karatasi.

Karani wa mitihani, ambaye sote tunamwita Mama Mashine, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba kilekile, cha mwisho kwenye korido ya ofisi. Alianza akiwa mpiga chapa. Kompyuta zilipoletwa alijifunza katika likizo moja, kisha akawafundisha walimu wawili ambao hawapendi jambo hilo litajwe. Lakini mashine yake ya zamani alikataa iondolewe mezani.

Shule yetu haichagui wasichana. Anapokelewa aliyefaulu, aliyekosa nafasi kwingine na aliyerudia darasa mara mbili. Ndiyo maana matokeo yakitoka waandishi wa magazeti hawaji kwetu. Mama Mashine hajali. Anajua namba ya mtihani ya kila mmoja wetu bila kufungua daftari, na anakumbuka kila mmoja aliingia na alama gani. Mwaka mmoja aligundua kwamba alama za wasichana wawili wenye jina moja la ukoo zimebadilishana. Alisema, "Huyu kemia alikuwa akiikimbia kama mbwa mkali. Hiyo A kaitoa wapi?" Alikwenda ofisi ya mitihani, akakaa kwenye benchi lao siku mbili, na siku ya tatu wakarekebisha. Mwenye A yake leo ni mfamasia.

Kwa utaratibu wake, matokeo hayabandikwi ubaoni. Msichana huingia peke yake, mlango hufungwa, hupewa karatasi yake na kiti kinachotazama dirisha. Karani humgeuzia mgongo na kuanza kuchapa. Wa kwenye foleni husikia mashine tu, na utani wao ni uleule: "Leo anamaliza kitabu." Hata mkuu wa shule humtania. "Mama, siku ya matokeo unachapa kuliko mwezi mzima. Barua zenyewe ziko wapi?"

"Zinakauka, Mwalimu."

Zamu yangu ilikuwa mwaka juzi, nilipomaliza kidato cha nne, kabla ya kuendelea na kidato cha tano hapahapa. Sikufeli. Nilifanya vizuri kuliko nilivyotegemea, nikalia sana, kwa sababu nje ya mlango ule kulikuwa na mama na shangazi za wenzangu, na mimi sikuwa na mtu. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la pili. Baba ni dereva wa malori ya masafa marefu, na simu yake ilikuwa haipatikani tangu juzi yake. Nililia kwa sauti, na mashine ikazidi kupiga kelele. Nilipoinua kichwa ndipo nikaona vile vyuma vinagonga roli tupu, bila karatasi.

Alipoacha kuchapa aliuliza, "Nani anakusubiri nje, mwanangu?"

"Hakuna."

Hakusema pole. Aligeuza kiti chake, akavaa miwani. "Haya, nisomee mimi. Kiswahili?"

"A."

"Historia?"

"A."

"Hisabati?"

"D."

"Hiyo D umeipigania. Nilikuwa nakuona maktaba. Rudia tena kutoka juu, taratibu."

Nilimsomea mara tatu.

Wiki iliyopita tuliambiwa kwamba kwa kuwa anaondoka, matokeo ya mwaka huu yatabandikwa kwenye ubao wa getini, majina na alama, kila apitaye asome. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika haya alicheka kidogo. "Andika tu. Nikishaondoka watanifanya nini?" Kisha akaendelea kufunga mafaili yake kwa kamba. Chumba kilikuwa kimeshaanza kuwa kikubwa.

Mama, asante kwa miaka yote thelathini na mmoja. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na nyumba yenye watu wa kukuuliza habari za siku yako.

Baada ya kuandika mpaka hapo nilikwenda ofisini kwa mkuu wa shule. Nilisimama mlangoni mpaka akaniona. Nilimwomba matokeo yaendelee kutolewa chumbani, kwa mlango uliofungwa. Aliuliza, "Ni wewe tu unayetaka hivyo, au na wenzako?" Nikasema sijui, sijawahi kuwauliza. Akanipa siku mbili nimletee majina.

Kwa hiyo nilichukua daftari jipya, nikapiga mistari, nikaenda kidato cha nne A. Darasa lilikuwa limejaa na mwalimu alikuwa hajaingia. Nilibisha hodi. Hodi ya kwanza haikusikika, nikabisha tena, nikaeleza. Msichana wa dawati la nyuma alisema, "Sema kwa nguvu, dada, hatukusikii." Nikarudia kwa nguvu. Siku hiyo nilipata majina kumi na tisa, na kesho yake nikaenda kidato cha nne B.