Kopo la Wageni

BWANA AFYA: Haloo! Haloo, nani mwenzangu?

MAMA MAZIWA: Leo hunijui, Bwana Afya? Mama Maziwa hapa, wa sokoni! Kibanda kinachotazamana na choo!

BWANA AFYA: Aah, Mama Maziwa! Habari za—

MAMA MAZIWA: Habari unazo wewe! Vijana wa ofisini kwenu wamenibandikia karatasi nyekundu mlangoni. Eti nifunge, maziwa yangu ya unga yana vijidudu vya kinyesi. Kinyesi, Bwana Afya! Soko zima limekuja kusoma. Wasiojua kusoma wamesomewa!

BWANA AFYA: [anakohoa] Maabara ndiyo iliyosema, dada yangu. Mimi kazi yangu kupeleka sampuli tu—

MAMA MAZIWA: Sampuli ipi? Si ulinipigia Jumatatu kuniambia Alhamisi kuna ukaguzi wa ghafla?

BWANA AFYA: Shh! Punguza sauti, niko ofisini.

MAMA MAZIWA: Ukasema, usinipe ya kwenye gunia unalopimia wateja, tafuta kitu cha heshima. Nikaenda duka kubwa, nikanunua kopo la bei mbaya, limefungwa kiwandani, lina picha ya ng'ombe anacheka. Nikakukabidhi mkononi. Sasa hicho kinyesi kimeingilia wapi? Au ndiyo maana ng'ombe alikuwa anacheka?

BWANA AFYA: [mikwaruzo] Mtandao unakata—

MAMA MAZIWA: Mtandao mzima, unayekata ni wewe! Nakuja huko sasa hivi nimuulize mkubwa wako kopo langu liko wapi.

BWANA AFYA: Ngoja! Ngoja, dada, tuongee kama watu wazima. Kopo halikufika maabara.

MAMA MAZIWA: Ehe.

BWANA AFYA: Nilipitia nyumbani kula. Mke wangu akaliona mezani, akasema kitu kizuri hivi ndicho kiende kuchokonolewa na watu wa maabara?

MAMA MAZIWA: Mkalifungua.

BWANA AFYA: Hatujaligusa! Liko kabatini, la wageni.

MAMA MAZIWA: Na maabara ukapeleka nini? Upepo?

BWANA AFYA: Nilichota vijiko kadhaa kwenye maziwa yetu ya kila siku. Maziwa si maziwa tu—

MAMA MAZIWA: [anaangua kicheko] Lahaula! Kumbe kinyesi ni cha jikoni kwako, anayefungiwa ni mimi! Mkeo hanawi mikono?

BWANA AFYA: Mke wangu ni msafi, tuheshimiane!

MAMA MAZIWA: Basi ananunua kwa nani? Nitajie huyo mchafu nimpelekee karatasi yake.

BWANA AFYA: Huyo... [anakohoa]

MAMA MAZIWA: Haloo? Umepotea?

BWANA AFYA: Kwako, dada. Kila Jumamosi. Unampulizia mfuko ufunguke, unampimia kwenye gunia, unamwongezea kidogo juu.

MAMA MAZIWA: Yule mwenye mtoto mgongoni? Katoto kanakopenda kuvuta hereni zangu?

BWANA AFYA: Kitindamimba wangu. Tangu aachishwe ziwa anakunywa hayo hayo.

MAMA MAZIWA: Mbona wiki hii sijawaona?

BWANA AFYA: Tumbo tu. Anaharisha. Mama mkwe anasema ni meno.

MAMA MAZIWA: Meno?

BWANA AFYA: Na mimi nikakubali ni meno. Macho yamemwingia ndani, dada. Asubuhi hata kulia hakulia. Yale majibu nimeyasaini mwenyewe, nikagonga muhuri, wala sikumfikiria mwanangu mpaka hapa tunapoongea. Naogopa, dada.

MAMA MAZIWA: We mwanamume we! Sasa hapo ofisini umekaa unafanya nini? Kimbia! Mpeleke hospitali, umwambie daktari alichokunywa, usimpelekee hadithi za meno. Na hilo kopo lifungueni, wageni watakunywa maji!

BWANA AFYA: Naenda, naenda. [kiti kinaburutwa] Na ile karatasi yako—

MAMA MAZIWA: Nimeshaigeuza, nimeandikia bei upande wa nyuma.

BWANA AFYA: Ina maana bado unauza?

MAMA MAZIWA: Unataka nile mawe? Hebu subiri, mteja. Karibu, mama, nikupimie kiasi gani? [sauti ya mteja kwa mbali] Ya mtoto? [kipimo kinawekwa chini] Hapana, mama yangu. Ya mtoto hayapo. Mtafutie ya kopo, hata kama ni ghali. Haya yangu ni ya chai tu.

BWANA AFYA: Dada, si gunia lile lile?

MAMA MAZIWA: Chai inachemshwa! Na wewe hujaondoka tu? Salio lenyewe linakwisha, kimbia kwa mwanao! Haya, mama, ya chai nikufungie ngapi?

[Simu inakatika.]