Nia ya Misa kwa Mtoto wa Kitabuni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Elimu wa Wilaya, Baba Paroko, Mkuu wa Shule na walimu wenzangu, ndugu wazazi wa Ulyankulu, nanyi wanafunzi mnaoniangalia kana kwamba nitatoa zoezi: wakubwa shikamooni, na wadogo marahaba hata kabla hamjaniamkia.

Mwalimu anayestaafu hutarajiwa kushukuru na kuaga. Nashukuru kwa moyo wote. Ila nimesikia stoo yetu itageuzwa darasa, na zile riwaya kuukuu za Urusi, Ufaransa na India, zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, zitaondolewa kwa kuwa hazimo kwenye mtihani. Mheshimiwa, wazee wa Unyamwezi walibeba pembe za ndovu za watu wengine mpaka pwani. Sisi vitabu vyetu wenyewe vitushinde?

Bibi Inamahoro, aliyeketi pale mbele, ameniruhusu niwasimulie habari zake. Msimu wa tumbaku, kama mjuavyo, familia nzima hukaa ghalani kuchambua majani. Mikono inafanya kazi, masikio yanakaa bure. Basi mjukuu wake Janeti akawa anawasomea riwaya ya Kifaransa niliyomwazima. Humo mtoto wa mfumaji anakufa kwa homa, na mama yake hana hata jirani wa kumsindikiza makaburini.

Jumapili Bibi akaenda kwa katibu wa parokia kuandikisha nia ya misa, ili mtoto yule aombewe. Katibu akamuuliza marehemu alikuwa wa jumuiya gani.

"Jumuiya yake siijui," akajibu, "lakini mama yake yuko peke yake. Mwombeeni."

Watu walicheka, na ninyi pia mnacheka. Nikatumwa mimi kwenda kumweleza, kwa upole, kwamba mtoto yule hakuwahi kuwapo duniani. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, ndipo akasema, "Mwalimu, wangu alikuwapo."

Akanieleza habari za Aleksi, kifungua mimba wake, aliyefia njiani walipokuwa wakikimbia Burundi, akazikwa porini bila misa wala msalaba. Hata wadogo zake hawakuwahi kulisikia jina hilo, kwa maana mama yao hakupata pa kuanzia. Jumapili iliyofuata lilisomwa kanisani, na wanawe wakalia pamoja naye kwa mara ya kwanza.

Nimefundisha fasihi tangu ujana wangu. Nikiulizwa mtu wa Ulyankulu ana haja gani na mfumaji wa Ufaransa, nilikuwa najibu kwa maneno marefu ya chuoni. Leo namtazama Bibi tu.

Chumba kichukueni, Mheshimiwa, watoto wamebanana kweli. Vitabu viacheni hapa shuleni, hata kwenye kona ya ofisi. Kuna wazazi wengine hapa ambao bado hawajapata pa kuanzia.

Ahsanteni kwa kunitegea masikio, na Mungu ampumzishe Aleksi kwa amani.